Kabati la Shemeji

Jumapili, 3 Machi

Nimesamehewa! Mbele ya kanisa zima. Shemeji alisimama, akanitazama mimi niliyefunga ovyo ile kamba ya jukwaa la ujenzi, mimi niliyemwangusha mumewe akafa. Miezi minne sijathubutu kumtazama usoni. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hana kinyongo nami, amemwachia Mungu. Nililia mpaka kamasi. Mchungaji akahubiri neema: haipatikani kwa matendo, ila aliyeipata hakai bure, anajituma kutenda mema kwa furaha. Hapo hapo nikajua. Kesho asubuhi niko kwa shemeji na boksi la vifaa.

Jumatatu, 4 Machi

Nimeziba paa. Nimenyoosha mlango wa jikoni. Nimezibua mtaro. Shemeji akasema inatosha, nipumzike. Nipumzike vipi? Nikasema bado dirisha! Akaniletea maji ya kunywa.

Mke wangu anauliza mlango wetu, unaofungwa kwa waya tangu mwaka juzi, utapata neema lini. Ana mdomo yule!

Jumatano, 6 Machi

Nimeliona kabati. Liko kwenye banda la uani, chini ya turubai. Marehemu alikuwa anamtengenezea mkewe — fremu imesimama, mbao kumi na mbili zimeegemezwa ukutani, hazijapigwa randa. Hili ndilo! Shemeji yuko kwa dada yake mpaka Ijumaa. Atarudi alikute limekwisha.

Mbao zimejaa penseli. Ndiyo tabia yake yule bwana, hakuwahi kuwa na karatasi. Vipimo, vitu alivyotumwa sokoni, maneno maneno. Siku moja aliniandikia kwenye boriti kwamba napima kwa jicho moja na kukata kwa lingine. Nikacheka peke yangu bandani. Kisha nikashindwa kucheka.

Sikusimama kusoma. Nimepiga randa zote. Zinang'aa.

Ijumaa, 8 Machi

Kabati limesimama. Milango miwili, droo tatu, bawaba za shaba. Msasa mara tatu, vanishi mara mbili. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivi. Nilipiga magoti palepale kwenye vumbi nikamshukuru Mungu.

Saa kumi jioni shemeji akarudi. Nikavuta turubai. Akapitisha kiganja kwenye mlango, juu mpaka chini. Akafungua droo, akachungulia. Akauliza mbao alizoandika mumewe ziko wapi. Nikasema ndizo hizi. Akauliza, na maandishi?

Maranda nilishayachoma. Nilitaka banda liwe safi.

Akakaa chini. Hakupiga kelele — heri angepiga! Kumbe kila jioni alikuwa anaingia bandani kumsoma mumewe. Ubao mmoja kwa jioni, asizimalize upesi.

“Shemeji, mimi nilikusamehe bure,” akasema. “Ulikuwa unakimbilia nini?”

Nikakusanya vifaa vyangu, nikaondoka.

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu leo hakunitania, alinishika bega tu.

Nikaenda kwa mchungaji, nikamwambia nimemuua yule mtu mara ya pili. Akasema msamaha wa Jumapili haufutiki kwa randa. Nikamfokea: maandishi yamefutika, mchungaji! Akaniacha nimalize hasira. Akauliza shemeji mwenyewe anataka nini.

Aibu ikanishika. Wiki nzima nimepiga nyundo kwa watu na sikuwahi kumuuliza.

Nikaenda mikono mitupu. Nikamuuliza. Akafikiri, akasema anataka kujua kama kuna mahali popote ambapo randa haikupita. Nikakumbuka: kingo za nyuma za mbao! Hazionekani, nikaona ya nini kujisumbua. Nikazipaka gundi, nikazizamisha ndani ya fremu zilivyo.

“Livunje,” akasema.

Nikarudi mbio kuchukua vifaa. Na daftari hili.

Sasa niko bandani. Namwaga maji ya moto, nangoja gundi ilegee, nang'oa. Kila ubao ninaoutoa shemeji anaupokea, anaufuta ukingo kwa kanga, anaugeuza kwenye mwanga, anaulaza chini. Tisa tayari. Gundi tu, hakuna penseli. Naandika haraka kwa vidole vyenye gundi, hata herufi hizi sijui kama nitazisoma kesho.

Zimebaki tatu. Wa kumi umeanza kulegea — shemeji amesimama, ananyoosha mikono.