Jedwali la Wanaongojwa

Dada Akello mpendwa,

Leo nimebaki peke yangu ofisini Hai Amarat, hapa Juba. Kiti chako kimejaa maboksi ya karatasi. Tangu uzikwe kwenu Lira, Uganda, sina mtu wa kuniambia nimekosea, na upweke huu umenichosha kuliko kazi yenyewe.

Meneja mpya ameleta mfumo mwingine wa kuandikisha familia zilizokimbia vita zinazoishi kambi ya Mangateen. Ameniagiza nifute maelezo ya majedwali yetu ya zamani, yaani jina la kila jedwali na safu zake. "Data haiguswi, ni maelezo tu," alisema. "Hakuna kitakachopotea."

Nilikukumbuka papo hapo. Wiki yangu ya kwanza, nilipotoka Kenya na cheti kipya na mdomo mrefu, nilifuta maelezo ya orodha ya wajawazito kwa sababu niliiona tupu. Kumbe ilikuwa inajazwa kila Ijumaa! Wakunga walipiga simu mpaka mchana. Wewe uliirudisha bila kunifokea, kisha ukaniuliza, "Watu iko pale chini, lakini sistimu hapana jua wao tena. Sasa wewe nafikiri wao iko wapi?"

Tangu siku hiyo ukaweka sheria: hakuna anayefuta peke yake. Mmoja anasoma safu kwa sauti, mwenzake anaitafuta kwenye jedwali jipya na kujibu "Iko!" Ulikuwa ukijibu na karanga mdomoni. Nilikutania kwamba siku moja utakabwa na safu, nawe ukanirushia maganda.

Unamkumbuka yule mama wa Mangateen aliyekuwa na watoto watatu lakini akakataa kuandikwa watatu? "Andika sita," alisema. "Wengine bado wanakuja." Mimi nilishaanza kumweleza kwamba fomu inataka waliopo tu. Wewe ukakalia jerikani lake, ukamwuliza majina yote sita. Kesho yake ukatengeneza jedwali la wanaongojwa: jina, mara ya mwisho alionekana wapi, nani anamngoja. Kila alipofika mmoja ulimhamishia kwenye orodha ya waliopo, ukapiga makofi peke yako, na sisi tukakucheka.

Leo nimesoma majedwali kumi kwa sauti na kujijibu "Iko" mwenyewe, kama mtu aliyechanganyikiwa. Lako nililiacha la mwisho. Nilisoma, "Nani anamngoja," nikatafuta kwenye mfumo mpya, sikuona mahali pake. Wasiopo hawana safu huko.

Mama Poni, anayesafisha ofisi, alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake.

"Hiyo ya kungoja ni nini?" akauliza.

Nikamweleza. Akaweka ndoo chini.

"Mimi pia fi, iko na mtu ya kungoja. Mzee yangu. Tulipoteana Malakal wakati ya vita, mimi nikakuja hapa Juba, sasa mimi iko mtaa ya Gudele, yeye hapana jua iko wapi. Andika yeye."

Miaka yote hii amekuwa akifuta vumbi juu ya meza yetu, Dada, na hatukuwahi kumwuliza! Niliona haya sana. Nikamwandika mumewe, herufi kwa herufi, naye akanisahihisha jina la babu. Alipoliona jina kwenye skrini alilisoma mara mbili, kisha akachukua ndoo yake akaendelea na kazi.

Nimemwandikia meneja kwamba jedwali hili bado linatumika na sitalifuta. Atakasirika. Na akasirike.

Baada ya Mama Poni kutoka, nilifungua nafasi nyingine nikaandika jina lako. Mara ya mwisho alionekana wapi: uwanja wa ndege wa Juba, kwenye kiti cha magurudumu, akinigombeza kuhusu nakala za akiba. Nani anamngoja: mimi. Kila kitu kilikaa sawasawa, ikabaki kubonyeza kitufe cha kuhifadhi tu. Nimekukosa mno, Dada, na mkono wangu ulikaa hapo muda mrefu.

Sikubonyeza. Jedwali lile ni la wanaoweza kufika, nawe hukunifundisha kuandika uongo ndani yake. Nikalitoa jina lako, nikazima kompyuta, nikalia.

Lala salama kwenu, Dada.

Mdogo wako wa kazini