Gari Lisilo na Rivasi

Jumanne, 6 Januari

Nimewasha, nimekanyaga breki, nimeweka D. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Ndipo likashika, kwa kishindo, kama mtu aliyesukumwa mgongoni. Wiki iliyopita lilikuwa linashika kwa mbili.

Njia ya Chamwino ikiwa tambarare, hakuna neno. Mwinuko mdogo tu, kesi. Injini inalia, gari linajikokota. Nimefika ofisini nimechelewa.

Ni kuukuu, najua. Nililinunua kwa sababu lina miguu mirefu na linafika kijijini Busi kwa mama hata mvua zikinyesha. Sina sababu nyingine.

Dereva wa ofisi kaniona nikiegesha. Kasema gari za otomatiki hazitaki papara za wanawake. Wenzangu wote wa masjala wamecheka. Nimejuta kunyamaza mpaka saa ya kutoka.

Jumatano, 7 Januari

Gereji. Mdogo wangu Idi alinisindikiza kwa sababu shule anayofundisha bado haijafunguliwa. Fundi anaitwa Seif, wengi wanamsifu.

Nikaeleza mimi. Linachelewa kushika gia. Likishapata moto linazidi. Linagonga likitoka ya pili kwenda ya tatu. Nimeeleza vizuri, kwa mpangilio, kazi yangu ndiyo hiyo, kupanga mambo. Seif akasikiliza akimwangalia Idi. Nilipomaliza akamjibu Idi.

"Kaka, mwambie mama apunguze kukanyaga mafuta. Hizi gia boksi ni laini."

Mwambie mama. Mama mwenyewe nimesimama pale, ufunguo mkononi!

Idi akaitikia kwa kichwa. Kaitikia!

Wamekubaliana, wao wawili, kwamba oili ya gia boksi ibadilishwe pamoja na filta. Mimi nimeachiwa kulipa.

Ijumaa, 9 Januari

Nimelichukua gari. Linashika kwa moja. Nimeendesha hadi nyumbani nikitabasamu kama mjinga.

Na habari kubwa kuliko hiyo. Mama kakubali. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, miaka minne anakataa kupasuliwa. Alikuwa anasema jicho si jipu la kutumbuliwa. Leo kapiga simu mwenyewe, jirani kamwekea namba. "Zuhura, njoo unichukue kabla sijageuza mawazo." Nimekwenda hospitali mchana huo huo. Madaktari wa macho wanakuja kwa siku chache tu. Mama kapangiwa Alhamisi, tarehe 22. Afike Jumatano, siku moja kabla, kwa vipimo. Akikosa, muuguzi kasema, hajui lini tena.

Basi hapandi. Anatapika, na ngazi za basi hazioni, mwaka juzi alianguka mbele ya watu. Ni mimi na gari.

Jumapili, 11 Januari

Hasira. Kalamu inachana karatasi.

Tulikwenda msibani Haneti, mimi na Idi. Kwenda, safi. Kurudi, mwinuko wa kwanza tu, injini ikapandisha sauti mpaka mwisho na gari likabaki pale pale. Nakanyaga, linalia. Haliendi. Nikazima. Tumekaa kando ya shamba la alizeti zaidi ya saa moja, jua la mchana, maji yametuishia. Lilipopoa likakubali. Tumekuja taratibu hadi mjini, bodaboda zinatupita.

Na Idi, pale kando ya alizeti, jasho linamtoka, kaniuliza kwa upole wa mwalimu: "Dada, huwa hukanyagi breki na mafuta kwa pamoja?"

Nina miaka ishirini na mmoja ya leseni. Yeye ndiye aliyefundishwa kuendesha na mimi, kwenye uwanja wa shule, akiwa na ndevu tatu. Nimemwambia ateremke. Hakuteremka. Nimemshusha kwake bila kuzima injini.

Jumatatu, 12 Januari

Sikukuu ya Mapinduzi, ofisi zimefungwa. Gereji iko wazi.

Nimekwenda peke yangu kwa makusudi. Seif kauliza, "Kaka hajaja?" Kazunguka gari mara moja, hakufungua hata boneti. Hukumu: gia boksi imekufa. Inatakiwa nyingine ya mtumba, na bahati nzuri anamfahamu mtu anayo.

Nimesema juzi ulibadilisha oili, nataka kuona oili ya zamani. Imemwagwa. Nataka kuona filta ya zamani. Imetupwa. Nikasema basi nieleze iliwezaje kwenda vizuri siku mbili na kufa siku ya tatu.

"Mama, haya mambo ya ndani ni magumu. Mlete kaka nimweleze."

Nimeondoka. Naandika hapa kwa sababu sikumwambia hata nusu ya niliyokuwa nayo moyoni. Mshenzi.

Zimebaki siku tisa.

Jumatano, 14 Januari

Kwenye buti nimekuta dumu tupu la oili, Seif alilisahau. Sipotezi karatasi wala kopo. Nimetoka kazini nimelipeleka dukani kwa Bi Nargis, anayeuza vipuri mjini tangu baba yake alipokuwa hai. Miwani kwenye kamba, sari, mikono imeshika grisi. Kasoma dumu. Kaja nje, kachomoa kijiti cha kupimia oili, kakinusa, kasoma maandishi madogo kwenye kijiti chenyewe. Kanisomea na mimi. Yamekuwepo miaka yote.

"Dada yangu, hii oili si ya hili boksi. Huyu kamnywesha ng'ombe mafuta ya taa."

Nimetaka kulia na kucheka. Oili inanuka kuungua, hata mimi nimeisikia. Kanielekeza kwa fundi mwingine, mzee Lameck, yuko nyuma ya mashine za kusaga. "Haongei sana," kasema. "Lakini atakufungulia uone."

Alhamisi, 15 Januari

Nimeomba ruhusa nusu siku. Nimemwamkia mzee Lameck, kaitikia, kaniuliza mimi. Mimi! Linaanza lini, likiwa la moto au la baridi, linagonga wapi. Nimejibu yote. Nilijisikia kama mgonjwa aliyepata daktari.

Kafungua sampo, lile bakuli la oili chini ya gia boksi, mbele yangu. Oili nyeusi. Chini, unga laini wa chuma unaometa. Kisha akatoa filta na kuniwekea mkononi. Imeziba, imegandamana. Haikubadilishwa. Haikuguswa kamwe. Seif hakufungua hata sampo, alichomoa nati ya chini, akamwaga, akajaza uongo.

Lameck kajifuta mikono. "Mama, sikufichi. Limeungua kiasi. Nitasafisha, nitaweka filta na oili yake yenyewe. Litakwenda. Siwezi kusema mpaka lini."

Nimemwambia mpaka Busi na kurudi.

Kafikiri. "Mpaka Busi na kurudi, kama hutalikimbiza. Lakini rivasi inakufa. Usiitegemee. Popote ukiegesha, egesha uso ukitazama nje."

Jumamosi, 17 Januari

Leo nimekwenda kwa Seif. Sikumchukua mtu.

Filta nimeibeba kwenye mfuko wa plastiki. Wateja walikuwa wanne kwenye benchi, wote wanaume, wanakunywa kahawa. Nikawasalimu. Nikaiweka filta juu ya meza yake, kwenye karatasi zake, ikavuja.

"Hii ni nini, mama?"

"Ndiyo filta uliyosema umeitupa. Imetoka kwenye gari langu juzi."

Mmoja wa wale wateja kaweka kikombe chini.

"Labda vijana walisahau," kasema Seif.

"Kazi uliipokea wewe. Nilikuwa nimesimama pale. Na oili uliyoweka si yake, maandishi yapo kwenye kijiti, hukusoma. Kusahau naweza kusamehe. Lakini ulimwambia mdogo wangu kwamba mimi sijui kuendesha. Ulijua ubovu uko kwenye gia boksi, na ukasema ni mguu wangu."

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kaniangalia machoni. "Samahani, mama."

Kasema atanirudishia hela ya filta. Nimemwambia airudishe, na airudishe sasa, nami nikahesabu mbele ya wote. Mteja mmoja kasimama, kaenda kufungua boneti ya gari lake mwenyewe na kuchungulia. Hilo limenifurahisha kuliko samahani.

Nimerudi kwenye gari. Sikushinda kitu. Gia boksi imeungua vile vile.

Jumatatu, 19 Januari

Busi. Nimekuja peke yangu. Idi alitaka kukodi gari la rafiki yake, akaniambia kwa simu kwamba ninafanya ubishi. Huenda. Lakini gari hilo la kukodi lingekuja na dereva wa kukodi, na mama hatapanda na mtu asiyemjua, tena haoni.

Nimeendesha kama nimebeba mayai. Kila mwinuko nimeshusha gia kwa mkono kabla halijaanza kulia. Mara mbili nimesimama kulipoza. Tope baada ya kuacha lami, lakini limepita, Mungu alibariki miguu yake mirefu.

Nimeegesha uso ukitazama barabarani. Nikajaribu rivasi kuona tu. Hakuna. Imekufa kabisa, kimya, kama haikuwahi kuwepo.

Mama alikuwa mlangoni tayari amejifunga kanga mbili, kifurushi miguuni. Safari ni kesho. Amekaa hivyo tangu asubuhi.

Jumanne, 20 Januari

Tumefika mjini, kwangu. Naandika jua halijazama, mama anaoga.

Niliogopa milima. Haikuwa milima.

Kabla ya kufika lami kuna sehemu njia ni nyembamba, mfereji huku, mfereji huku, tope katikati. Nimeingia nimefika karibu mwisho, likatokea lori la alizeti mbele yangu. Limesimama. Nimesimama. Dereva kapiga honi. Katoa mkono dirishani, ananipungia nirudi nyuma. Waliokaa juu ya magunia wakaanza: "Mama, rudi nyuma! Rivasi, mama, rivasi! Hajui huyo, mteremsheni mtu amsaidie!" Wanacheka. Mmoja karuka chini anakuja kuchukua usukani wangu. Usukani wangu!

Wiki mbili zote zimenirudia. Dereva wa ofisi. Seif. Idi na breki zake.

Nimeteremka. Viatu vimezama. Nimempita yule kijana kama mti. Nimekwenda mpaka kwenye mlango wa lori nikamwambia dereva, mtu mzima, mwenye kofia ya baraghashia:

"Asalaam alaikum. Gari langu halina rivasi. Imekufa. Wewe unayo?"

"Waalaikum salaam. Ninayo."

"Basi rudi wewe. Ndani nina mama yangu, haoni, kesho ana daktari. Nimeendesha hili gari bovu kutoka Dodoma mpaka kwake na ninalirudisha. Asije mtu akanishikia usukani."

Kaniangalia. Kaangalia gari. Kawageukia wale wa juu kwa ukali, "Nyamazeni huko." Akarudi nyuma na mzigo wote, taratibu, kwa vioo viwili, mpaka penye upana. Ni dereva hasa. Nilipompita kanyanyua kofia.

Mama alikuwa anacheka, mkono mdomoni. "Ulikuwa unamgombeza nani?"

"Lori."

"Likasikia?"

"Limerudi nyuma."

Kacheka mpaka machozi yakatoka kwenye macho yale yale mabovu. Baadaye tulisimama mara tatu kulipoza. Mara ya kwanza nilimdanganya kwamba nimechoka. Mara ya pili nikamwambia ukweli. Kasema, "Si gari lako? Basi na tulisubiri." Akavua viatu.

Jumatano, 21 Januari

Vipimo. Sukari sawa, presha juu kidogo. Wanasema ni woga. Kanishika mkono kwenye foleni yote, yeye anayesema hamwogopi mtu.

Alhamisi, 22 Januari

Jicho la kulia. Nusu saa, labda pungufu. Kwetu tuliokaa nje ilikuwa kama mwaka. Idi alikuja, tukakaa benchi moja. Hakutaja gari. Baada ya muda kasema, "Dada, yule fundi nilimwitikia tu. Sikufikiri." Nimemwambia ndiyo ubaya wenyewe, kutofikiri. Kisha kanunua chai mbili.

Bado nina hasira naye. Imepungua.

Ijumaa, 23 Januari

Bandeji imetolewa. Muuguzi kauliza anaona nini. Mama kaangalia dirisha, kaangalia mikono yake, nyuma na mbele. Kisha mimi.

"Umeota mvi, Zuhura. Hukuniambia."

Jicho la kushoto wamelipangia safari ijayo ya madaktari.

Jumapili, 1 Februari

Gari liko kwa Lameck, juu ya mawe, gia boksi imeteremshwa. Anatafuta nyingine, kasema atanionyesha kabla hajaifunga. Huenda mwezi huu, huenda ujao. Naenda kazini na gari la wafanyakazi, kiti cha dirishani.

Mvua asubuhi, baadaye jua. Mama bado yuko kwangu. Kagundua utando wa buibui juu ya kabati, na doa kwenye pazia, na kwamba picha ya marehemu baba niliitundika upande. Kila kimoja kanitajia.

Mchana nilikuwa naanua nguo. Niliporudi ndani nimemkuta amekaa sakafuni, miguu kainyoosha, ungo mapajani. Anachambua mchele. Anaokota mawe moja moja, anayaweka kwenye kifuniko cha sufuria. Hakuniita nimwangalizie, kama miaka hii minne. Nimeweka nguo kitandani nikabaki mlangoni kidogo, kisha nikaenda kubandika maji.