Mtandio wa Rangi ya Hoteli

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku Siyu sote tu wazima, na mamako amevuna simsim. Waniuliza kama uvue mtandio kazini, kama wakubwa wako wanavyotaka, au uache kazi.

Nilipoajiriwa jikoni katika hoteli ya Ras Kitau, meneja alinipa kofia ya mpishi. Nikaivaa juu ya mtandio wangu mweusi, ikasimama kama mnara wa msikiti wa Shela. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniambia niuvue huo mtandio.

Nikamwuliza, "Bwana, kinachokukera ni mtandio au rangi yake?"

Akafikiri. "Rangi."

Kesho yake nikaja na mtandio mweupe, nimeushona kwa kitambaa cha sare. Mwezi haujaisha, mwenzangu Wanjiru, Mkristo wa bara, naye akataka wake, wa kuzuia moshi.

Basi usivue, wala usiache kazi kwanza. Waulize wanataka rangi gani.

Bibi yako, Mwana Esha