Bibi Harusi Nje ya Mlango wa Mama Donata

Dada Skola wangu,

Nimeolewa. Nimeliandika neno hilo peke yake kwanza ili nilitazame, maana mpaka leo naona kama nasimulia habari za msichana mwingine. Ni Deo. Najua huko uliko unacheka na kusema ulijua zamani.

Ungekuwepo, ningekuja mbio ofisini kwako hospitalini nikae kwenye lile benchi la wagonjwa, nikusimulie mpaka unifukuze nikafanye kazi. Sasa nimekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yetu ya vyumba viwili hapa Shanwe. Maharage yako jikoni, mume wangu yuko gereji. Mume wangu! Naliandika na moyo unaruka. Akirudi jioni ananukia grisi na sabuni ya kufulia, na mimi nikisikia kengele ya baiskeli yake nanyoosha khanga kama vile ndiyo kwanza anakuja kuposa. Asubuhi ananichotea maji. Majirani wanamcheka, wanasema fundi amekuwa mwali, na yeye anawaambia wakamalize kuchota ya kwao.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakwenda kwa baba yake, miezi ile ya mwisho ya ugonjwa wa mzee? Kila tukitoka ndani tulikuta baiskeli yangu imepinduliwa magurudumu juu na Deo anakaza nati. Uliangalia, uliangalia, halafu siku moja njiani ukaniambia, "Yusta, yule kijana anatengeneza baiskeli ambayo haijaharibika. Mwulize shida yake nini." Mimi nikaona aibu, nikakanyaga pedali kwa nguvu nikakuacha nyuma. Sikumwuliza. Alikuja kusema mwenyewe, wewe ukiwa umeshaondoka, na alisema vibaya, kwa kigugumizi, huku ameshika spana. Nilimpenda hapo hapo. Au labda nilikuwa nimempenda zamani na sikuwa na mtu wa kunithibitishia.

Harusi ilikuwa nzuri, Dada. Gauni niliazima kwa nesi wa wodi ya wazazi, likaingizwa kiunoni kwa pini ambazo zilinichoma ibada nzima. Mjomba wake Deo alileta asali kutoka Inyonga, ndoo kubwa, watoto wakalala na midomo inanata. Padri aliponiuliza kama nimekubali, nilijibu kabla hajamaliza, kanisa zima likacheka. Nikageuka kukutafuta. Sikufikiri, niligeuka tu, kama ninavyogeuka mpaka sasa nikiwa kazini na mtu amesema neno ambalo sijui nilijibu vipi.

Maana kazi bado naifanya. Hawajaleta afisa ustawi wa jamii mwingine tangu mvua za El Nino zilipokuchukua. Malaria ile ilikupanda kichwani wakati reli imekatika na barabara haipitiki, na sisi uliotufundisha kukaa na watu wanaoondoka tukakaa na wewe. Sitaki kuandika mengi hapo. Ofisi yako sasa inawekwa maboksi ya glavu. Daktari aliniachia benchi na baiskeli ya hospitali, akasema wagonjwa wa majumbani niendelee nao kama msaidizi mpaka atakapopatikana mwenye cheti. Basi naendelea. Wale ambao hospitali imesema haina tena dawa ya kuwaponya, nakwenda kwao kama tulivyokuwa tunakwenda, na nikifika naomba kazi ya mikono kwanza. Hilo nimelishika. Ulinieleza kuwa mtu akiketi mbele ya mgonjwa amekunja mikono, mgonjwa anaona anatazamwa anavyokufa. Lakini ukiomba ungo na maharage uchambue, macho yako yanakuwa chini na maneno yake yanapata njia ya kutoka. Nimechambua maharage ya nusu ya Mpanda.

Mama Donata humjui. Alikuja hospitalini baada yako, kutoka Katumba, kwenye makazi ya wenzetu waliotoka Burundi. Saratani ya kizazi, imeshaenea. Akataka kurudi nyumbani kwa kaka yake, Bwana Melkiori, awe karibu na binti yake Donata. Dada, ungempenda. Mwili umekwisha lakini ulimi mkali kama wembe. Nilipomwambia nimeposwa, akasahau maumivu. Kila nikifika swali la kwanza ni harusi. Gauni limepatikana? Huyo fundi anajua kucheza? Aliniita "mwana wanje", mwanangu kwa Kirundi, na alipanga harusi yangu kuliko mama yangu mzazi. Na siku moja, ameshika kidole changu juu ya ungo, aliniomba jambo. Alisema watu wake wengi, na mumewe pia, walishakufa mbali naye, yeye hataki kufa bila kuniona nimeolewa. Nikamwahidi. Nilisema nitakuja kwake nikiwa bibi harusi, na ikifika mwisho nitakuwepo, nitamwosha mwenyewe.

Sasa sikiliza kilichonipata. Siku ya tatu ya ndoa nilijifunga khanga nitoke, mama mkwe, tunayekaa naye uwanja mmoja, akasimama mbele yangu. Akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia Katumba, kwa mgonjwa wangu. Akaniambia kwenye ukoo wao bibi harusi havuki mlango wa nyumba yenye mtu anayekufa, wala ya msiba, mpaka avune shamba lake la kwanza. Akivuka, anatoka na kifo kinamfuata mpaka kitandani kwake.

Mimi na kidato cha nne changu nilitaka kubishana. Nikaanza, Mama, hayo ni mambo ya zamani. Hakunigombeza. Alikaa chini akanieleza habari za mke wa kwanza wa kaka yake Deo, ambaye alikwenda kwenye msiba akiwa na wiki ya ndoa, na mwaka haukuisha wakamzika na ujauzito wake. "Nilimpenda yule binti," alisema. "Na wewe nimeshaanza kukupenda. Usiniletee tena hiyo habari." Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hofu ya mtu aliyezika haibishaniwi. Lakini hukunifundisha nifanye nini hofu hiyo ikiwa imekaa mlangoni kwangu mimi, na upande wa pili kuna mtu anayenisubiri na siku zake zinakwisha.

Nililia kwa Deo. Nikamwambia nitakwenda kwa siri, nitasema naenda sokoni. Akafikiri, akasema mama yake atajua, na mgonjwa naye atajua kwamba nimekuja kama mwizi. Kisha akaniuliza huwa ninafanya nini nikifika. Nikamweleza habari ya maharage. Akasema, "Mimi sijakatazwa. Kesho naenda."

Dada Skola, mume wangu alifunga gereji, akapanda baiskeli mpaka Katumba, akaomba ungo. Fundi baiskeli, na mikono yake ile! Mama Donata alimtazama akichambua, akamwuliza mbona mawe anaweka kwenye sufuria na maharage anatupa. Akacheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. Deo alirudi jioni ananisimulia, na mimi nilikuwa nacheka na kulia pamoja, nikimtazama nywele zake zimejaa vumbi la barabara, nikasema Mungu wangu, nimepewa huyu. Alikwenda tena, na tena. Lakini mara ya mwisho alisukuma sahani pembeni, akatueleza. Mama Donata hakucheka tena. Alikuwa ameacha kula, na aliuliza jambo moja tu, kama Yusta amemsahau.

Deo aliyasema hayo mbele ya mama yake. Sijui kama alikusudia. Mama mkwe alikuwa anapepeta mahindi, akaendelea kupepeta. Nikainuka nikaenda zangu nyuma ya nyumba. Baadaye kidogo akanifuata. Akaniuliza kama huyo mama ana shuka nzuri ya kutandikiwa kitandani, maana ataonekana na watu. Sikumwelewa. Akanitazama kama mtu anayetazama mwanafunzi mzito.

"Mimi nilisema mlango, mwanangu. Uwanja sikuutaja. Wenyewe wamtoe nje."

Nilimkumbatia mpaka mahindi yakamwagika. Akaniambia niokote, tena moja moja.

Tulikwenda watu watatu, mimi nimevaa lile gauni la kuazima na pini zake, nimekalia nyuma ya baiskeli ya Deo, mama mkwe kwenye baiskeli ya jirani. Barabara nzima watu walituuliza harusi iko wapi. Bwana Melkiori na Deo walibeba kitanda cha kamba na mgonjwa juu yake, wakakipitisha mlangoni taratibu, wakakiweka uwanjani kwenye kivuli cha ukuta. Mama mkwe alisimamia, akaonyesha kwa fimbo ni wapi niishie nisikaribie kizingiti. Siku nyingi Mama Donata hakuwa ameona anga. Alifumba macho kwa mwanga, akayafumbua, akaniona.

Alishika kitambaa cha gauni, akakisugua kwa vidole. Halafu ule ulimi wake ukarudi. "Limekupwaya," alisema. "Na huyu wako hajui maharage. Lakini amekuja." Akamwambia mama mkwe kwamba amepata mkwe wa kulialia, amvumilie. Mama mkwe akajibu ameshaona. Wakaanza kuongea wao wawili, wajane wawili, na mimi nikaletewa ungo. Nilichambua nikiwa na gauni la harusi, Donata amekaa ubavuni kwangu, na kwa muda hapakuwa na mgonjwa pale, palikuwa na kina mama wanaongea habari za waume waliowahi kuwa nao. Nilijifunza mambo siku ile ambayo siwezi kukuandikia, ungeona haya.

Alifariki wiki iliyofuata, asubuhi. Bwana Melkiori alituma mtu. Tulipofika, kilio kilikuwa ndani, na mimi nikasimama uwanjani kama nguzo. Nilikuwa nimeahidi kumwosha. Miguu ilikuwa inataka kwenda. Mama mkwe aliniona. Akafungua khanga yake ya juu, akanikabidhi, akaniuliza, "Huwa mnafanyaje? Nieleze vizuri."

Nikamweleza palepale nje. Maji yawe ya vuguvugu. Umwite kwa jina, na kabla hujamgeuza umwambie kwamba unamgeuza. Donata asifukuzwe, akitaka kushika mkono wa mama yake, ashike. Mama mkwe alirudia kila neno kwa kichwa, akainama, akavuka mlango ule kwa niaba yangu. Nilikwenda kusimama chini ya dirisha. Nikamsikia akisema taratibu, "Mama Donata, mimi mkwe wake Yusta. Sasa nainua mkono. Nainua huu mwingine, mama." Dada, ni maneno yako. Yalitoka kinywani mwako yakapita kwangu, na sasa yalikuwa ndani ya nyumba ambayo mimi wala wewe hatukuweza kuingia.

Na kwa sababu nilikuwa nje, nilisikia kitu kingine. Nyuma ya ghala la mahindi kulikuwa na mtu anahema vibaya. Bwana Melkiori. Mwanamume aliyembeba dada yake kwa kitanda, aliyetuma watu, aliyepanga viti, amejibanza pale na uso kwenye udongo wa ukuta. Nilikaa chini karibu naye, na gunzi lilikuwepo pale nikaanza kulipukuchua punje zilizobaki. Baada ya muda akaanza kuniambia jinsi alivyombeba dada yake mgongoni akiwa mdogo, wakivuka mpaka, siku walipokimbia kwao. Hakuwahi kumwambia mtu. Ndani kulikuwa na kina mama wengi wa kulia pamoja. Nje alikuwa peke yake.

Sisi wawili, Dada, tulikuwa tunaingia moja kwa moja ndani. Tukishuka tu kwenye baiskeli tunasema hodi na kwenda kitandani. Ni wangapi tuliwapita uwanjani? Siwezi kukulaumu, na usinilaumu. Hatukuwahi kukatazwa mlango.

Mahindi yangu yameshatoa mbelewele. Nikivuna, mama mkwe amesema nitaruhusiwa kuingia popote, na kwamba yeye mwenyewe atanisindikiza kwa mzee mmoja mgonjwa wa Kasekese, kwa sababu ameona kwamba najua kueleza lakini maji sijui kupasha. Sijui kama ni kunidhihaki au ni kunipenda. Nadhani ni vyote.

Lala salama, Dada Skola. Nina furaha nyingi siku hizi na nilikuwa naogopa kukuletea furaha mahali ulipolala, lakini wewe hukuwahi kununa mtu akicheka kwenye nyumba ya ugonjwa. Nakuahidi hivi: nitakapokuwa huru kuvuka milango yote, sitavuka hata mmoja kabla sijazunguka nyumba kuangalia ni nani amebaki nje.

Yusta wako,
mke wa Deo