Lenzi Inayoona Mpaka Kwenye Pipa

Jumatano, 2 Agosti 1995

Manyunyu na baridi. Nimetoka Kiwira na tope hadi vifundoni. Jotham, yule anayeleta kamera za mitumba kutoka Dar, ana lenzi mbili za zumu, za kuvuta karibu na mbali, zinazoingia kwenye kamera yangu. Moja ni 35–70, safi kabisa. Nyingine 20–35, pana kweli kweli, ila pete yake ya kuzungushia imelegea. Nilijua ataning'ang'aniza ile ghali. Wapi! Kasema chukua zote mbili, mama, kajaribu, utanirudishia moja. Bila rehani! Tangu lini Jotham akawa malaika? Siku hizi biashara huria, kila mtu anauza na kila mtu anaficha kitu.

Nimezimulika kwa tochi nikitafuta kuvu ndani ya vioo. Hakuna. Nimemulika tena. Hakuna. Bado siamini.

Ijumaa, 4 Agosti

Harusi ya shemeji Gwakisa ni tarehe 19, kwao Ikuti. Nimepewa mimi kupiga picha. Na sijidanganyi kwamba napendwa — Fulgence, mpiga picha wa stendi, alitaka hela nyingi.

Niandike shida yenyewe. Baba mkwe. Miaka kumi na moja tangu nimeolewa na Abeli, sijamwona uso. Ndiyo mila yetu: mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Nikisikia kikohozi chake, nakata kupitia migombani. Jina lake silitamki, na humu siliandiki. Mchungaji anasema hayo yamepitwa na wakati. Mama mkwe anajibu kwamba mchungaji hajaozesha mwana bado, tumsubiri.

Sasa ule uwanja wao ni finyu, mteremko mtupu. Kwa lenzi yangu ya 50, ili ukoo wote uingie, itabidi nirudi kinyumenyume hadi walipokaa wazee. Nitamkalia baba mkwe magotini! Kwa lenzi pana nitabaki upande wa wanawake, jikoni nyuma yangu. Lakini lenzi pana inazoa na vya pembeni. Ikimzoa yeye na bibi harusi Belinda kwenye picha moja, kosa ni langu. Tayari mashangazi wanasema kamera si kazi ya mke wa mtu. Kosa moja tu, kamera inaingia kabatini na haitoki.

Jumapili, 6 Agosti

Nimemkuta Fulgence nje ya kanisa. Nikamuuliza kama natania. Kasema chukua 20–35, dada, usifikirie mara mbili. Mshindani wangu anishauri vizuri kwa faida gani? Basi 35–70 ndiyo yenyewe. Au alijua nitawaza hivyo!

Nyumbani Abeli naye — ile pana, mke wangu, ile pana. Abeli! Asiyejua filamu inaingia upande gani! Nimemuuliza nani kamwambia habari za lenzi. Kaenda kukoka moto bila kuambiwa.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimepeleka lenzi zote mbili Ikuti kupima uwanja. Baba mkwe alikuwa mnadani, mama mkwe alihakikisha kabla sijaingia.

35–70: nyumba inaingia, watu wa mwisho wanakatwa mabega. 20–35: kila kitu! Ngazi, migomba, hadi nusu ya lile pipa la maji kule pembeni. Ubaya wake, waliosimama mwisho wanavutika. Shangazi wa pembeni atapata mashavu ya akiba. Flashi nayo haifiki kwenye pembe, nitaifunika kwa karatasi laini mwanga utawanyike. Na pete inateleza yenyewe kamera ikiinama. Nitaibana kwa utepe wa gundi.

Mama mkwe akanisogelea. Mwana, hicho kioo kinaona mpaka wapi? Nikamwambia mpaka pale kwenye pipa, kwa hiyo wazee wakae ng'ambo ya pipa. Akauliza tena. Pipa lenyewe linaonekana? Nusu, nikasema. Akasema ndaga, asante, mwana, akaondoka anacheka peke yake. Ndivyo anavyocheka akimwona mtoto wetu Lusungu anatabasamu na ule mwanya wake wa meno. Sababu hasemi.

Mtu anayeshika mila hivyo, kwa nini aulize mara mbili? Kuna jambo wananipikia. Wanataka nikosee mbele ya watu.

Jumatatu, 14 Agosti

Nimebaki na 20–35. Siku mbili usiku sikulala vizuri kwa ajili ya kioo! Nimemrudishia Jotham ile nyingine. Hakushangaa hata kidogo. Hilo sikulipenda.

Jumamosi, 19 Agosti

Miguu haipo. Filamu nne. Ukoo wote umeingia — niliwapanga mwenyewe, nikawahesabu, wazee wote ng'ambo ya pipa, niliwaagizia bila kuwatazama, nimesimamia hilo kama askari. Shela ya Belinda ilikuwa inapeperuka, macho yangu yote yalikuwa pale. Moja, mbili, tatu. Nadhani ilikwenda vizuri. Nadhani.

Alhamisi, 24 Agosti

Picha zimerudi kutoka Mbeya. Nimefunga studio yangu kwa ndani ndipo nikafungua bahasha.

Ile ya ukoo. Belinda katikati. Na pembeni kabisa, upande wa huku wa pipa — wa huku! — mzee. Koti limefungwa vifungo vyote. Kofia mkononi. Lenzi imemvuta kidogo kama ilivyowavuta wote wa pembeni. Wengine wanatazama maharusi, watoto, ndizi. Yeye ananitazama mimi.

Nimeigeuza picha kifudifudi, upesi, kana kwamba kaingia mlangoni.

Nikasema ni pete, imeteleza. Lakini gundi iko palepale, na pipa liko nusu kama nilivyopima. Hakuna kilichoteleza. Kasogea mwenyewe, kwenye tatu. Na mwisho wa picha nilimwonyesha mtu mmoja tu, mama mkwe.

Nimeigeuza tena. Anacheka. Ana mwanya! Mwanya wa Lusungu, mahali palepale! Miaka yote hii nauliza mtoto kautoa wapi, wananichekea. Nimelia, sijui kwa hasira au kwa nini.

Ijumaa, 25 Agosti

Kesho kwao Belinda wanakuja kuchukua albamu. Wakimwona na mkwe wake kwenye picha moja, siku ya harusi! Nimeshika mkasi tangu asubuhi. Ni upana wa kidole kimoja tu, yeye na pipa lake. Hakuna atakayejua.

Abeli kaingia, haniangalii. Kasema baba yuko nje, kwenye benchi, kaupa mlango mgongo. Anauliza ile ya pipa imetoka?

Nikasema ya pipa ipi.

Abeli kasema Mama Lusungu, usinitese. Basi akayatoa yote. Kumbe ni yeye aliyekwenda kwa Jotham anipe ile pana, ni yeye aliyemsihi Fulgence. Nilijua! Nilijua wananizunguka! Baba alisema ukoo ukipigwa picha yeye hayumo, wajukuu watadhani alishakufa. Na kuhusu Belinda? Nikauliza hivyo, kwa ukali. Abeli kasema baba yuko tayari kutoa ng'ombe wa faini kwa kosa hilo, maana amekuwa mzee na mimi, mkwe wake wa kwanza, ananijua kwa vishindo vya viatu tu. Alitaka walau mmoja wetu amwone mwenzake.

Na anauliza ametoka vizuri?

Abeli bado yuko mlangoni, anasubiri jibu, mimi najifanya naandika oda. Picha iko mezani, imeangalia juu. Mkasi bado ninao. Nje amekohoa. Miaka kumi na moja miguu yangu inajua pa kwenda ikisikia kikohozi hicho. Studio hii ina mlango mmoja tu. Benchi limelia, nadhani amesimama, na mimi bado nimekaa.