Wifi Mla Udongo

Wifi yangu Anastazia,

Tumbo limefikia wapi? Na huko Kirushya, mvua inawapa nafasi ya kupalilia maharage? Huku kaskazini mwa Sudan mvua ni hadithi tu. Jua linachoma, na mashamba yananyweshwa kwa mifereji tangu enzi za mababu.

Sisi wanafunzi tunachimba mashimo kando ya Mto Nile kuchunguza udongo ulioachwa na mafuriko, tabaka juu ya tabaka. Mwalimu katufundisha kuung'ata: ukikwaruza meno una mchanga, ukiteleza ni mfinyanzi. Jana nikiwa shimoni natafuna, mama mwenye shamba akaniona. Akapiga vigelegele! Akanipapasa tumbo, akaniletea sahani ya tende, na kufikia jioni kila mwanamke niliyepishana naye alinipongeza. Kiarabu changu hakikutosha kukana. Basi wifi, nimepata mimba bila mume, na tende nimezimaliza! Nami nilivyokuwa nakucheka ukimega kile kichuguu nyuma ya jiko.

Mama mpe shikamoo yangu.

Doa lililo kwenye kona ya kadi hii si uchafu. Ni udongo laini kuliko wote niliouonja, nimewapakia wewe na mtoto. Najua tangu kaka Deo aende vitani usingizi huupati. Ramba hiyo kona tu, wifi. Maandishi usiyaguse, atayasoma mwenyewe akirudi.

Wako,
Koleta