Pumzi ya Mama Ndani ya Spika

Kamina

Ngoie, mdogo wangu mpendwa,

Nisamehe kwa kunyamaza tangu mvua zianze. Sikuugua, nilikosa namna ya kukuandikia kuhusu binti yako Numbi. Magoti yako yanakuruhusu kwenda shambani? Sisi ni wazima.

Unajua Numbi huunda spika hapa kwangu. Sasa ameomba kwenda shule ya sanaa Lubumbashi. Parokia itampeleka mtu mmoja tu, nasi wazee watano ndio waamuzi. Wawili wanamtaka Numbi, wawili wanamtaka kijana mchonga viti. Nimebaki mimi. Nilitaka kujitoa kwa sababu ya undugu. Wenzangu wakacheka: Kamina hii, nani si ndugu ya mwingine?

Nilimwambia Numbi kwamba spika ni chombo tu, kama sufuria. Alileta spika mbili, moja ya dukani, nyingine aliyoiunda kwa mbao za behewa bovu la reli. Kwa zote mbili alipiga ule mkanda wa zamani wa kwaya ya huko nyumbani. Kwa ile ya dukani nilisikia kwaya. Kwa ya Numbi nilimsikia marehemu mama yetu akikohoa kidogo, akivuta pumzi, kisha akianzisha wimbo.

Nilitoka nje nikisingizia kutafuta kofia, nayo ilikuwa kichwani.

“Mujomba, uko unalia?”

“Ni vumbi.”

“Vumbi gani, na hii mvula yote!”

Nikamwambia aliyeniliza ni mama, si mbao.

“Bon. Basi sababu gani ku ile ya kwanza haukulia? Mama yenu njo yule yule ku zote mbili. Ile mbao nilikata mara ine, juu ya ile pumuzi tu isikike.”

Tangu hapo sielewi. Kiti cha yule kijana nilikisifu, kisha nikaenda kula. Je, nitampa Numbi kura kwa ajili ya sanaa, au kwa ajili ya mama? Miaka yote niliwadai wanafunzi waeleze neno kabla ya kulitumia; sasa mimi nashindwa kulieleza neno sanaa. Numbi ananiwekea ugali, bukari yetu, mezani na kurudi kwenye mbao zake.

Msalimie shemeji mvuvi, na shangazi anayeuza samaki.

Wewe ndiwe uliyeimba kando ya mama. Je, kweli alikuwa akikohoa kabla ya kuanza? Mimi sikumbuki, na kura yangu imesimama hapo. Kumbuka vizuri, unijibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nikishaamua, utakuwa wa kwanza kupata barua yangu.

Kaka yako,
Mwalimu Kalenga